Beseni la Mwalimu

Mwalimu alifundisha tafsida kwa miaka 33. Aliifundisha Bungoma, akaifundisha Machakos, na hatimaye akaifundisha Nairobi, katika shule za upili ambako wanafunzi, kila alipofika kwenye mifano ya kipengele hicho, walikuwa wakitazamana na kuchekea vitabuni. Aliwaambia kwamba mtu muungwana hasemi fulani amekufa, bali ameaga dunia. Hasemi mwanamke ana mimba, bali ni mjamzito. Wala hasemi anakwenda kunya, bali anakwenda haja, anakwenda msalani, anajisaidia. Lugha isiyo na tafsida, alikuwa akiwaambia, ni kama mtu aliyetoka nje bila nguo: viungo vyote anavyo, ila hapana atakayemkaribisha nyumbani. Alipostaafu mwishoni mwa mwaka 2016, akiwa na umri wa miaka 60, hapakuwa na mtu katika jamaa yake aliyewahi kumsikia akitamka neno zito.

Mwezi wa Februari 2018 Mwalimu huyo alipasuliwa bawasiri.

Neno lenyewe ni la heshima. Kiswahili kililipokea kutoka Kiarabu, pamoja na nduguye nasuri, na wote wawili wamekaa katika kamusi kwa utulivu bila alama yoyote ya matusi. Lakini adha ya bawasiri haiko katika jina lake. Iko katika mahali pake. Mtu akisema ana bawasiri, msikilizaji hulazimika kufikiri ziko wapi, na huko ndiko Mwalimu hakutaka fikira za mtu zifike. Kwa miaka minane alikuwa ametokwa na damu msalani bila kumwambia mtu. Mkewe, aliyefariki mwaka 2013, aliondoka duniani bila kujua. Vinundu viliposhuka na kukataa kurudi ndani hata vikisukumwa kwa kidole, ndipo alipokwenda hospitali moja ya jijini, peke yake, na kuambiwa kwamba dawa za kupaka na vidonge havitafaa tena.

Nyumbani alisema anakwenda kupasuliwa ngiri.

Nyumba yenyewe iko Buruburu, mojawapo ya zile nyumba za ghorofa moja zenye paa la vigae zilizojengwa kwa awamu tano kuanzia mwaka 1973, enzi ambazo mtumishi wa serikali mwenye mshahara wa kadiri aliweza kuota ndoto ya kumiliki mlango wake. Chini kuna sebule na jiko. Juu kuna vyumba vya kulala na bafu. Kati yake kuna ngazi nyembamba. Mwalimu alikuwa akiishi humo na mwanawe wa kiume, mkaza mwana wake na wajukuu wawili. Mwana alikuwa akifanya kazi Naivasha na kurudi Ijumaa jioni. Siku nyingine zote watu wazima walikuwa wawili tu nyumbani: Mwalimu na mkaza mwana.

Msomaji ambaye si wa magharibi mwa Kenya huenda asione tatizo hapo. Kwao Mwalimu, baba mkwe na mkaza mwana hawapeani mikono. Hawaketi katika kiti kimoja. Mkaza mwana haingii katika chumba anacholala baba mkwe, naye baba mkwe hapiti karibu na kitanda cha mwanawe. Desturi hiyo ilitungwa mahali penye boma pana na nyumba kadhaa. Katika nyumba ya Buruburu, yenye bafu moja na ngazi isiyoweza kupitisha watu wawili, ililazimika kujikunja ili itoshe. Ndiyo maana Mwalimu alikuwa amejijengea chumba uani, nyuma ya jiko, akalala huko. Bafu peke yake ndilo lililobaki juu. Alipolihitaji alikohoa mara mbili chini ya ngazi, na mkaza mwana, kama alikuwa ukumbini, aliingia chumbani mwake na kufunga mlango. Walikuwa wameishi hivyo kwa miaka minne bila kukosana.

Njia aliyopasuliwa kwayo ni ile iliyoelezwa mwaka 1937 na Milligan na Morgan, wapasuaji wa hospitali ya St Mark's jijini London, na ambayo bado hutumika mahali pengi duniani. Vinundu hufungwa mizizi kwa uzi, hukatwa, kisha vidonda huachwa wazi bila kushonwa ili vipone vyenyewe kutoka ndani kuja juu, jambo linaloweza kuchukua majuma manne hadi sita. Alidungwa ganzi ya uti wa mgongo, akasikia sauti za vyombo na mazungumzo ya wauguzi, na hakuhisi lolote. Aliona kumbe si jambo kubwa. Ganzi ilipoisha usiku ndipo alipojua.

Maumivu ya mahali hapo yana sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba ndani ya njia ya haja kubwa kuna mpaka ambapo utando wa utumbo hukoma na ngozi huanza. Juu ya mpaka huo hisia ya maumivu ni haba, na ndiyo sababu bawasiri za ndani huweza kutoa damu kwa miaka mingi bila kuuma. Chini ya mpaka huo ngozi imejaa neva mithili ya ncha ya kidole, na kisu cha mpasuaji hakina budi kufika huko. Sababu ya pili ni msuli wa ndani wa kubana, ambao hautii amri ya mwenye mwili. Ukihisi kidonda hujikaza. Ukijikaza, damu inayokilisha kidonda hupungua na maumivu huongezeka. Maumivu yakiongezeka nao hujikaza zaidi. Karibu kila kitu afanyiwacho mgonjwa baada ya hapo, iwe maji ya uvuguvugu, mafuta ya kulegeza msuli au dawa ya kulainisha choo, kinalenga kuukata mzunguko huo mahali pamoja au pengine.

Asubuhi ya pili muuguzi alimwondolea pamba, akatazama, akasema damu ni ya kawaida. Akamuuliza kama amekwenda choo. Wodi ilikuwa na vitanda sita na wageni wa saa za asubuhi walikuwa wameketi kwenye vitanda hivyo. Mwalimu alisema ndiyo. Hakuwa amekwenda. Alipewa paracetamol iliyochanganywa na kodeini, chupa ya laktulosi, na karatasi moja ya maelezo iliyochapishwa kwa Kiingereza, akaruhusiwa kwenda. Teksi ilimrudisha kwa barabara ya Jogoo, kisha kwa Mumias South. Abiria wa matatu namba 58 huyalaani matuta ya njia hiyo kila siku kwa mzaha. Siku hiyo Mwalimu aliyahesabu moja baada ya jingine, akiwa ameinamia upande kwa paja moja.

Karatasi ile aliisoma mara tatu. Ilimwagiza mgonjwa akalie maji, na ilitumia neno la Kijerumani lililovishwa Kiingereza, ambalo Mwalimu hakulijua wala hakulikuta katika kamusi zake. Alipolielewa kutokana na muktadha alijaribu, kwa mazoea ya kazi yake, kulitafutia Kiswahili. Josho la makalio? Lilimfanya acheke peke yake chumbani, na kicheko kikamuumiza. Hakuendelea. Aliikunja karatasi na kuitia ndani ya kitabu.

Kwa hiyo kosa la kwanza halikuwa la maarifa. Agizo alikuwa nalo. Lakini kulitimiza kulihitaji beseni pana, maji ya moto mara tatu kwa siku na mahali pa faragha, na Nairobi ilikuwa katika mwaka wa pili wa mgao wa maji ulioanza Januari 2017 kwa sababu bwawa la Ndakaini lilikuwa limepungua. Maji ya Buruburu yalikuja kwa zamu na kuwekwa katika mitungi. Mtu aliyepasuliwa ngiri angeyaombea nini maji ya kukalia?

Kosa la pili lilikuwa la woga, na wauguzi wa wodi za upasuaji wanalijua sana. Mwalimu aliogopa choo cha kwanza. Akafikiri kwamba asipokula hapatakuwa na cha kutoka. Akawa anakunywa chai ya rangi na kumega kipande cha mkate, akikisukuma chakula kando na kusema hana hamu. Hakujua, au hakutaka kujua, kwamba utumbo haungoji chakula ili ufanye kazi yake, na kwamba kichache kinachokaa siku nyingi ndani hunyonywa maji na kuwa kigumu kama jiwe. Kodeini nayo hufunga choo. Ndiyo sababu alipewa laktulosi pamoja nayo. Laktulosi aliiacha. Ilikuwa tamu mno, na kuinywa kulimkumbusha kazi yake.

Siku ya tatu mkaza mwana, akiwa amesimama kwenye mlango wa jiko na kutazama pembeni kama adabu itakavyo, aliuliza, "Baba, mbona huli? Unaumwa wapi?"

Mwalimu alijibu, "Tumbo, mama. Tumbo limechafuka kidogo."

Hiyo ndiyo tafsida. Katika darasa lake angeipa alama zote. Na kwa kuwa kila mwenye kusema Kiswahili anajua tumbo lililochafuka ni tumbo la namna gani, mkaza mwana alikwenda kwenye duka la dawa, akaeleza kwamba mzee anaharisha, akarudi na vidonge vya loperamidi. Alivitia katika kisahani pamoja na glasi ya maji na kumpa mjukuu ampelekee babu. Mwalimu alivitazama. Kuvikataa kungemlazimu aeleze. Akavimeza. Dawa ya kuzuia choo ikaongezwa juu ya dawa inayofunga choo, kwa mtu ambaye hakuwa amekwenda choo tangu siku ya kupasuliwa.

Kesho yake, maumivu yalipozidi, alijikokota mwenyewe hadi duka jingine la dawa, mbali na nyumbani. Kijana wa kaunta alimuuliza shida ni nini. Nyuma yake palikuwa na foleni. Mwalimu alisema, "Mgongo." Akapewa diklofenaki. Kwa wengi hiyo ni dawa nzuri ya maumivu, na baadhi ya madaktari huwapa hata waliopasuliwa bawasiri. Lakini hupunguza uwezo wa damu kuganda na huweza kupandisha shinikizo la damu, na Mwalimu alikuwa na ugonjwa wa shinikizo kwa miaka kumi. Daktari alikuwa ameiacha kwa makusudi. Kijana wa kaunta angelijuaje hilo?

Siku ya sita kilichokuwa kikiogopwa kilifika. Si lazima kukieleza. Yatosha kusema kwamba Mwalimu alikaa bafuni kwa saa nzima, kwamba aliuma taulo asisikike, na kwamba alipomaliza alikuwa amelowa jasho kama mtu aliyenyeshewa na miguu yake ilikataa kumbeba. Damu ilikuwepo, matone ya rangi angavu, kisha ikakoma. Alipopata pumzi alishuka, akaifungua karatasi iliyokuwa ndani ya kitabu, akapiga simu wodini.

Muuguzi aliyempokea hakuwa na subira ya mafumbo. Alimuuliza maswali kwa majina halisi ya vitu, na kwa kuwa alikuwa sauti tu, asiye na uso, Mwalimu alimjibu. Loperamidi aiache leo. Laktulosi anywe asubuhi na jioni, na maji ya kunywa yasipungue. Ale: mapapai, maharage, sukuma wiki, ugali wa wimbi. Paracetamol ameze kwa saa, kila baada ya saa sita, bila kungoja maumivu yaje, kwa maana maumivu yakishapanda ni vigumu kuyashusha. Na gramu nne kwa siku ndizo kikomo. Msalani asikae kusoma gazeti. Na maji: yawe ya uvuguvugu, ayapime kwa kiwiko kama anayemwogesha mtoto, akae dakika kumi hadi kumi na tano, mara tatu kwa siku na kila baada ya choo. Asitie dawa ya kuua viini, itachoma. Kisha ajipanguse kwa kugusagusa, asisugue. Mwisho akasema jambo ambalo Mwalimu aliliandika pembezoni mwa karatasi: matone ni kawaida kwa majuma kadhaa, lakini ukiona mabonge, au damu isiyokoma, au ukihisi kizunguzungu, njoo hata kama ni usiku wa manane.

Alisahau kumwambia muuguzi habari ya diklofenaki.

Beseni alilipata katika stoo ya chini ya ngazi, la plastiki, la buluu, pana kuliko mengine. Mkaza mwana alipoulizwa maji ya moto alijaza chupa mbili za chai na kuziacha kwenye kidato cha chini kila asubuhi, adhuhuri na jioni, bila swali. Mara ya kwanza Mwalimu alipoketi majini alihisi msuli ukilegea kama ngumi inayofunguka, na aliona haya kwa jinsi alivyofarijika. Siku ya saba alilala saa tano mfululizo. Siku ya nane alikula sahani nzima ya maharage.

Kuna faraja nyingine ambayo angeweza kuipata katika vitabu, lau angeitafuta. Mwaka 1686 mfalme Louis wa Kumi na Nne wa Ufaransa alipasuliwa nasuri na mpasuaji wake, Charles-François Félix, na habari zake zikaenea barazani hadi, yasemekana, baadhi ya wakuu wakatamani nao wapasuliwe. Charles Dickens, ambaye hakuna mwanafunzi wa fasihi asiyemjua, alipasuliwa nasuri mwaka 1841 bila ganzi ya aina yoyote, kwa kuwa etha ilianza kutumika katika upasuaji miaka mitano baadaye. Aliyempasua alikuwa Frederick Salmon, mwanzilishi wa hospitali hiyo ya St Mark's, aliyoifungua mwaka 1835 ikiwa na vitanda saba kwa ajili ya maskini wenye maradhi ya huko nyuma. Mfalme alipasuliwa na dunia ikajua. Mwalimu mstaafu wa Buruburu alitaka hata nyumba yake isijue.

Usiku wa siku ya tisa, yapata saa nane, aliamka akihisi haja. Alipanda ngazi polepole, akaketi, na kilichotoka hakikuwa choo. Alidhani ni maji. Alipowasha taa aliona rangi yake.

Madaktari huuita huu mtoko wa pili. Mtoko wa kwanza hutokea katika saa 24 za mwanzo, uzi ukiteleza au shinikizo la damu likipanda. Wa pili huja mgonjwa anapoanza kujisifu kwamba amepona, aghalabu kati ya siku ya saba na ya kumi na nne, wakati nyama iliyofungwa inapobanduka na mshipa uliokuwa chini yake kubaki wazi. Huwapata wachache, mmoja au wawili katika mia, pengine zaidi kidogo. Hatari yake ni kwamba damu haitoki yote. Hujikusanya ndani, nayo ikijaa huleta hisia ya haja. Mtu huenda msalani tena na tena, akiona kidogo ilhali amepoteza kingi.

Mwalimu alifanya alilolizoea. Alimimina maji yaliyosalia katika chupa, akakalia beseni. Halikuwa wazo jema, maana uvuguvugu uleule unaolegeza msuli huipanua mishipa. Maji yaligeuka mekundu mara moja. Alijiambia kwamba damu kidogo hutia rangi maji mengi, jambo ambalo ni kweli. Kisha akaona mabonge, meusi, yakikaa chini ya beseni kama maini. Alijaribu kusimama na taa ikafifia. Akakaa chini sakafuni, mgongo ukiegemea mlango, na moyo wake ukipiga haraka kama wa mtu aliyekimbia.

Mlango wa chumba cha mkaza mwana ulikuwa hatua tatu kutoka hapo.

Mficha maradhi kilio kitamuumbua: methali hiyo alikuwa ameisahihisha katika insha zisizohesabika, na pengine ilimjia wakati huo, pengine haikumjia. Baadaye alisimulia kwamba kitu kilichomshughulisha ni sentensi. Alikuwa akiitunga. Mama, nimepatwa na udhuru. Hapana. Mama, hali yangu si njema. Hapana, ataleta chai. Mama, kile kidonda. Kidonda kipi? Wao wanajua kidonda kiko kinenani. Kila sentensi aliyoitunga ilimpeleka mkaza mwana mahali pengine, kama teksi iliyoelekezwa mtaa usio wake, na wakati huo wote alihisi chini yake pakilowa. Mwishowe aligonga mlango kwa kiganja, kutoka ndani, na mkaza mwana alipotoka ukumbini na kuuliza, "Baba?", alimwambia. Alisema hakupasuliwa ngiri. Alisema alipasuliwa wapi, kwa lile neno ambalo kamusi hulitilia alama ya matusi, kwa kuwa ndilo fupi na ndilo pekee lisiloweza kueleweka vingine. Hata ukurasa huu hauliandiki.

Nje palikuwa kimya kwa muda wa pumzi moja.

"Damu ina mabonge?"

"Ndiyo, mama."

"Unaona kizunguzungu?"

"Ndiyo."

"Fungua mlango, Baba."

Aliufungua akiwa amelala. Mkaza mwana aliingia mahali ambapo hakutakiwa kuingia, akamfunika leso kiunoni, akamlaza kwa ubavu palepale sakafuni na miguu yake akaiinulia juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alikunja taulo safi mara nne, akaliweka mahali pake na kulibana kwa kiganja chote. Mwalimu alipotaka kujua kama imekoma alimwambia kwamba kitambaa hakiondolewi kutazamwa. Kikijaa, kingine huwekwa juu yake. Kwa mkono mwingine alipiga simu kwa jirani mwenye teksi. Hakuwa muuguzi. Alikuwa na kibanda cha nguo katika soko la Mutindwa. Lakini alikuwa amezaa mara mbili, na mara ya kwanza, mwaka 2011, alichanika, akashonwa nyuzi saba, akatokwa na damu siku ya tano. Alijua kubana. Alijua kizunguzungu maana yake nini. Beseni lile la buluu lilinunuliwa kwa ajili yake. Alikuwa amelikalia siku arubaini, na mama yake mzazi, aliyesafiri kuja kumkanda, ndiye aliyemfundisha kuyapima maji kwa kiwiko.

Mwalimu alikuwemo nyumbani humo mwaka huo. Aliwahi kuliona beseni likipandishwa ngazi na kushushwa, na kwa adabu hakuuliza ni la nini.

Barabara ya Jogoo ilikuwa tupu. Katika chumba cha dharura mkaza mwana ndiye aliyesema: tarehe ya upasuaji, siku ngapi, damu ilianza saa ngapi, dawa zipi. Alikuwa ameukusanya mfuko mzima wa dawa kutoka chumbani uani, na daktari ndiye aliyeitoa diklofenaki na kuiuliza. Mwalimu alitundikiwa maji, akapimwa kundi la damu, akaongezewa chupa mbili. Kuna njia kadhaa za kuuziba mshipa kama ule: shashi iliyochovywa adrenalini, au katheta yenye puto linalojazwa ndani na kubana. Kwake vyote vilionekana havitoshi. Alirudishwa chumba cha upasuaji alfajiri, akapewa nusukaputi, mshipa ukatafutwa na kushonwa. Daktari alimwambia mwana, aliyefika kutoka Naivasha saa tatu asubuhi akiwa na viatu visivyofanana, kwamba mtoko wa namna hiyo humpata hata aliyefuata kila agizo. Choo kigumu na zile dawa havikusaidia, alisema, lakini hapana ajuaye kama ndivyo vilivyoleta. Mwalimu alilisikia hilo akiwa amefumba macho.

Alirudi nyumbani baada ya siku tatu. Safari hii hakutaka kulala uani, maana ngazi ilikuwa imemshinda. Akapewa chumba cha wajukuu, juu, karibu na bafu. Mwana alijaribu kueleza kwa wazee wa kijijini kwa simu jinsi mambo yalivyokuwa, na mmoja wao aliuliza kama haingewezekana kumtafuta mwanamume wa kumuuguza. Swali hilo lilijadiliwa kwa robo saa. Mkaza mwana alikuwa jikoni akichemsha maji.

Tangu siku hiyo hakuacha tena chupa kwenye kidato cha chini. Alizipandisha mwenyewe, akamimina, akachovya kiwiko, akasimama nje ya mlango. Siku ya pili baada ya kurudi, mwana akiwa sebuleni na jirani mwenye teksi akiwa amekuja kumpa mzee pole, aliuliza kutoka juu ya ngazi kwa sauti ya kawaida, "Baba, umekunya leo?"

Mwana aliinamisha kichwa. Jirani alitazama runinga, iliyokuwa imezimwa.

"Nimekunya, mama," Mwalimu alisema. "Laini."